Friji na Amana: Khabari za Ubaridi tangu Mtungi hadi Leo

Katika vyombo vinavyoingia majumbani mwetu ni vichache vinavyofanyiwa hesabu ndefu kama friji. Sufuria hununuliwa siku moja ikasahauliwa. Friji huwekewa akiba miezi na miezi. Mume na mke huifanyia kikao. Ndugu walioko Maskati au Dubai huulizwa bei. Na ikishafika, jirani huja kuitazama na kutoa hongera. Kwa mjane anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa mtaani, friji ndiyo duka lake, na siku inapokufa ndiyo siku duka linapofungwa.

Kwa hivyo si swali dogo mtu anapouliza: nitapataje friji ya kutegemewa? Wengi hulijibu kwa kutaja jina la kampuni, na jina peke yake halitoshi. Twaona ni kheri tuanze mbali kidogo, tujue ubaridi huu ulivyomfikia mwanaadamu na ni nani waliouchezea amana ukaharibika. Atakayeijua khabari hiyo ataingia dukani na macho mawili.

MTUNGI NI MAMA WA FRIJI

Wazee wetu wa pwani walikunywa maji baridi kabla ya waya wa umeme kufika. Mtungi wa udongo uliwekwa mahali penye kivuli na upepo, ukifunikwa kwa kifuniko na kata juu yake. Udongo ule una matundu madogo yasiyoonekana. Maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje, na yakikaushwa na upepo huondoka pamoja na joto la yale yaliyobaki ndani. Mtungi ukitoka jasho, maji yake ni baridi. Ukiupaka rangi ukaziba matundu, maji yake yatakuwa vuguvugu kama ya ndoo.

Tumeutaja mtungi kwa sababu friji nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Ndani ya mabomba yake mna kitu chepesi kugeuka mvuke. Kinapogeuka mvuke hunyang'anya joto la nyama na maziwa yaliyomo kabatini. Kisha kompresa hukikamua kwa nguvu, kikatupa joto lile nyuma ya friji, kikarudi kuwa maji, na mzunguko ukaanza tena. Tofauti ni kwamba jasho la mtungi hupotea hewani nasi tukaongeza maji kwa kata, na jasho la friji hufungiwa ndani lisitoke. Likitoka, friji imekwisha kazi.

Samaki na nyama walikuwa na njia nyingine. Samaki alitiwa chumvi akaanikwa juani akawa ng'onda, au akakaangwa akakauka. Na ng'onda wa papa alisafirishwa kwa majahazi safari za masiku mengi bila ya kuoza.

THELUJI KATIKA MIJI YA KIISLAMU

Hata neno letu "barafu" ni mgeni aliyekuja kwa bahari: asili yake ni Kifarsi, na maana yake huko ni theluji. Wairani walijenga majumba ya udongo yenye kuba nene, wakayaita yakhchal, yaani shimo la barafu. Usiku wa baridi maji yaligandishwa katika vidimbwi vya nje, barafu ikakusanywa ikafukiwa chini ya kuba ile mpaka majira ya joto. Mpaka leo Muirani akitaka kusema friji husema yakhchal. Mwarabu naye huiita thallaja, kutokana na thalji, ambayo ni theluji.

Katika zama za Masultani wa Kimamluk, theluji ya milima ya Sham ilikuwa ikipelekwa Misri kwa meli, na kwa ngamia wa zamu waliopokezana vituo kwa vituo mpaka ngome ya Kairo. Mwanachuoni Al-Umari, aliyefariki mwaka 1349, na baada yake Al-Qalqashandi, aliyefariki mwaka 1418, wameiandika khabari ya safari hizo katika mambo ya dola, pamoja na khabari za posta. Huko India katika enzi ya Mfalme Akbar, waziri wake Abul Fazl ameandika namna walivyopoza maji kwa shura: chupa ya maji ilizungushwa ndani ya maji mengine yaliyotiwa shura, mpaka ikawa baridi. Na kabla yake tabibu na mwanahistoria Ibn Abi Usaybia, aliyefariki mwaka 1270, alinakili kutoka kwa mtangulizi wake njia ya kugandisha maji kwa vitu vya namna hiyo hiyo.

Lakini ubaridi huu ulikuwa wa wafalme. Mchukuzi wa bandarini Kairo hakuuonja. Ubaridi ulipoanza kuwa bidhaa ya watu wengi, hapo ndipo yalipozaliwa masuala ya bei, ghushi na dhamana.

BARAFU YASAFIRI, KISHA YATENGENEZWA

Mwaka 1806 kijana wa Boston, Marekani, jina lake Frederic Tudor, alipakia barafu ya maziwa ya kwao melini akaipeleka kisiwa cha Martinique. Watu walimcheka, na kweli alipata khasara, kwani huko hapakuwa na ghala la kuihifadhia. Hakukata tamaa. Alijifunza kuifunika barafu kwa vumbi la mbao, na mwaka 1833 meli yake ilifika Calcutta baada ya safari ya kiasi cha miezi 4. Ilipakia tani 180, na zilizofika zikiwa bado barafu zilikuwa karibu tani 100.

Wakati huo huo wengine walikuwa wakitafuta kuitengeneza barafu bila ya kungoja baridi ya Mungu. Jacob Perkins, Mmarekani aliyekaa London, alipata hataza ya mashine mwaka 1834. Daktari John Gorrie wa Florida alitaka kuwapozea hewa wagonjwa wake wa homa, akapata hataza ya mashine ya barafu mwaka 1851, akafa maskini mwaka 1855. James Harrison alifanya kazi hiyo Australia, na Carl von Linde Ujerumani. Mashine hizo zilikuwa kubwa kama chumba, za viwanda na meli.

Friji ya nyumbani ilipata nguvu katika miaka ya 1920. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walitengeneza friji isiyokuwa na mota wala kitu chochote kinachozunguka. Hutaka moto tu, hata wa taa. Kampuni ya Electrolux ilinunua kazi yao mwaka 1925. Hizi ndizo friji za mafuta ya taa zilizofika pande nyingi za Afrika pasipokuwa na umeme, zikahifadhi chanjo za watoto katika zahanati za mashamba. Mwaka 1927 General Electric ya Marekani ilitoa friji yake maarufu yenye kompresa ya duara juu ya kichwa, iliyofungwa moja kwa moja isivuje. Ziko zilizodumu makumi ya miaka, na watu wakasadiki kuwa friji nzuri haifi.

SUMU, NA DAWA ILIYOGEUKA SUMU

Friji za awali zilikuwa na aibu kubwa. Gesi zilizotumika, kama amonia na dayoksidi ya salfa, ni sumu. Imepokewa kwamba Albert Einstein aliposoma gazetini khabari ya aila moja ya Berlin iliyokufa kwa gesi ya friji usingizini, alishirikiana na Leo Szilard tangu mwaka 1926 kutafuta friji isiyovuja. Walipata hataza, lakini friji yao haikuingia sokoni.

Aliyeshinda soko ni Thomas Midgley wa Marekani. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipata gesi isiyowaka wala kudhuru pumzi, ikaitwa Freon. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, aliivuta kifuani akaipuliza juu ya mshumaa ukazimika. Alitaka kuonyesha kwa pumzi moja kuwa haiui wala haiwaki. Ulimwengu ukaipokea kwa furaha. Friji za gesi hiyo ziliingia majumbani kwa mamilioni.

Miaka 44 ikapita. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi hizo hupanda juu kabisa ya anga na kulila tabaka la ozoni, lile pazia linalotukinga na miale mikali ya jua. Wenye viwanda waliwabishia. Mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza wakatangaza kuwa juu ya ncha ya kusini ya dunia ozoni imepungua vibaya kila majira ya kuchipua. Ndipo mataifa yakakutana Montreal, na tarehe 16 Septemba 1987 yakatia saini mkataba wa kuziacha gesi hizo. Aliyesimama mbele kuwapatanisha wakubwa na wanyonge alikuwa Mmisri, Dk. Mostafa Tolba, mkuu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi. Wakubwa walitaka gesi ikome. Nchi maskini zilisema, mbona nyinyi mmeshashiba ubaridi nasi ndio kwanza tuanze? Mkataba ukazipa nchi maskini muhula zaidi, na baadaye ukawekwa mfuko wa kuzisaidia. Mpaka mwaka 2009 nchi zote za Umoja wa Mataifa zilikuwa zimeuridhia.

Hapana haja ya kumlaani Midgley, hakujua. Hukumu ni nyingine kwa aliyejua akanyamaza, au aliyeambiwa akaziba masikio. Kisa kifuatacho ni cha namna hiyo, nacho ndicho kinachomhusu zaidi mnunuzi wa friji.

KOMPRESA ZILIZOBADILIKA RANGI

Mwaka 1986 General Electric, kampuni ile ile ya friji zisizokufa, ilitoa kompresa ya namna mpya. Ilikuwa nyepesi, ya vipande vichache, na rahisi kuitengeneza kuliko ya zamani, ili ishindane kwa bei na kompresa za nchi nyingine. Vipande vyake viwili vilitengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa badala ya chuma kigumu cha kuchonga. Kiwanda kipya cha gharama kubwa kilijengwa Tennessee.

Kompresa zilijaribiwa, na katika majaribio hakuna iliyosimama. Lakini mafundi waliozifungua waliona waya za shaba zimebadilika rangi na dalili za kusagika ndani, jambo linaloonyesha kuwa mashine imepata moto kupita kiasi. Wakasema. Khabari ile ilipopanda ngazi kuelekea kwa wakubwa ilizidi kufifia, mpaka ikabaki kauli moja tu: hakuna iliyosimama. Muda wa majaribio ukafupishwa, na friji zikauzwa.

Kiasi cha mwaka mmoja baadaye zikaanza kufa majumbani mwa watu. Mwaka 1988 kampuni ilitenga dola milioni 450, ikabadilisha kompresa zaidi ya milioni 1, na nyingi katika hizo zilikuwa bado zinafanya kazi. Kwa hilo la mwisho waliwatendea haki wanunuzi wao. Hata hivyo, fundi mmoja kusikilizwa mapema kungekuwa rahisi kuliko dola milioni 450.

Msomaji Muislamu akisikia kisa hiki hukumbuka kingine. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye mali, naye akasema ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kuwa iliyoroa alipaswa kuiweka juu watu waione, na akajitenga na mwenye kughushi. Angalieni: mwenye nafaka hakuinyeshea yeye. Kosa lake ni kuweka kavu juu na mbichi chini. Na waya zilizobadilika rangi zilikuwa ndiyo nafaka mbichi ya Tennessee.

Imepokewa pia kuwa Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanya biashara wa nguo huko Kufa, alimpelekea mshirika wake nguo yenye aibu na kumtaka amweleze mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza, na mnunuzi asijulikane alikokwenda. Imamu akaitoa sadaka thamani ya mali ile yote.

"MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI"

Maneno haya yamebandikwa katika maduka mengi, na wanunuzi hudhani ndiyo sheria. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi aliyekuta aibu iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, nayo hupunguza thamani au manufaa ya kitu, ana khiyari: airudishe achukue pesa zake, au aridhike nayo. Na muuzaji akishurutisha kuwa hana dhima ya aibu yoyote, Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana misikitini mwetu, ameeleza kuwa sharti hiyo humvua muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua tu, si katika vitu vingine. Friji si ng'ombe. Karatasi ya ukutani haimtoi muuzaji katika dhima yake mbele ya Mwenyezi Mungu.

Lakini mnunuzi naye ana wajibu. Khiyari hii hutakiwa itumike mara aibu inapojulikana. Anayejua kuwa friji ina kasoro, kisha akaendelea kugandisha barafu zake miezi mitatu ndipo aende kugombana, amejifungia mlango mwenyewe. Na aliyeivunja mlango kwa kuiangusha ngazini, kisha akaapa kuwa ilitoka hivyo kiwandani, ameghushi kama alivyoghushi mwenye nafaka.

Kuhusu ununuzi wa malipo ya polepole: bei ya mkopo ikikatwa tangu mwanzo, hata ikizidi ya taslimu, wanavyuoni wengi wameijuzisha. Bali ikiwa kila ukichelewa deni huongezwa, hiyo ni riba. Soma karatasi kabla ya kutia saini.

YA KUTAZAMA DUKANI

Kwanza, tazama kibandiko cha daraja ya hali ya hewa. Friji yenye herufi N imetengenezwa kwa joto la chumba lisilozidi nyuzi 32. ST ni mpaka 38. Na T ni mpaka 43. Jiko la pwani mwezi wa Februari si mahali pa N. Wengi wamelaumu kampuni na hali walinunua friji ya nchi ya baridi.

Pili, tazama gesi iliyoandikwa nyuma. R600a na R134a ndizo za friji za nyumbani za sasa. Ukiona R12, hiyo ni friji kuukuu ya gesi iliyopigwa marufuku. Fundi hatapata gesi yake ya halali, na umeme itakula bila ya huruma. Ghana ilikataza kuingiza friji za mitumba tangu mwaka 2013 kwa sababu ya mzigo huo. R600a haidhuru ozoni lakini huwaka. Fundi asiye na ujuzi asiiguse kwa moto.

Tatu, jaribu mlango. Tia karatasi ukingoni, funga, kisha vuta. Ikitoka bila ya kushikwa, mpira haubani, na baridi utatoka na pesa zako.

Nne, uliza dhamana ni ya nani. Ya friji nzima ni muda gani, na ya kompresa peke yake muda gani? Fundi wake yuko mjini hapa au ng'ambo? Vipuri vyapatikana? Dhamana isiyokuwa na fundi ni karatasi. Chukua risiti na uitunze.

Tano, nunua ukubwa unaoujaza. Friji kubwa tupu ni israfu ya bei na ya umeme.

Ikifika nyumbani, iache isimame masaa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya kompresa yatulie. Isogeze mbali na ukuta ipate kutupa joto, na mbali na jua na jiko. Hewa yetu ya chumvi hula chuma. Ifute nyuma mara kwa mara. Na umeme ukikatika ukarudi, ngoja dakika 5 au tumia kifaa cha kuikinga, kwani kompresa ikilazimishwa kuanza na huku gesi bado imekazana ndani, huungua. Friji nyingi tunazosema zimekufa, umeme wa kupanda na kushuka ndio uliozifukia.

Tena tusisahau ya Unguja. Mwaka 2008, mwezi Mei mpaka Juni, kisiwa kizima kilikaa gizani kiasi cha mwezi. Na tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa kuharibika kwa waya wa chini ya bahari unaotoka Bara, kiza kilidumu kiasi cha miezi mitatu. Friji ya bei kubwa na ya bei ndogo zote zilikuwa makabati. Waliojua kukausha samaki na kuweka maji mtungini waliona tabu pungufu. Basi mabinti zetu wafundishwe kuchagua friji, na wafundishwe na ng'onda pia.

HAKI YA JIRANI

Liko la mwisho. Ubaridi ulikuwa wa wafalme, ukaletewa Sultani kwa ngamia wa zamu. Leo umo katika nyumba ya mvuvi. Neema ikishuka mpaka hapo, shukurani yake ni kuigawa. Jua linapokaribia kuchwa mwezi wa Ramadhani, mtoto wa jirani akibisha hodi na jagi lake, asirudishwe kwa kuambiwa barafu haijaganda na hali imeganda. Na nyama ya udhia isifungiwe jokofuni miezi sita hali jirani anateleza kwa mchuzi mtupu.

Muuzaji aseme kweli ya kilichomo, fundi asibadilishe kipuri kizima kwa kibovu, mnunuzi asidai asilostahili, na mwenye friji akumbuke jirani. Mashine hufanywa na watu, na kutegemewa kwake ni kutegemewa kwa watu hao. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu katika tunavyouza na tunavyonunua. Wallahu aalam.